Mkono wa Kushoto wa Sifaeli

Kule Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, Sifaeli Akyoo, ambaye Bwana amemwita kwake, alijulikana kama mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa na ndizi. Huku mjini Arusha walimjua kama mtu wa majani. Karibu maisha yake yote ya utu uzima aliyagawa hivyo. Asubuhi na mapema alishuka mjini kukata na kumwagilia nyasi za kiwanja cha gofu, na alasiri akapanda kurudi kwenye migomba yake. Kiti chake bado kipo pale barazani, na wanaofika kutoa pole hukizunguka, hakuna anayekikalia.

Kabla ya kupewa kazi ya majani alikuwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji. Huko ndiko alikojifunza mchezo wenyewe, kwa kutazama, na siku za Jumatatu ambapo kiwanja huwa kitupu na makedi huruhusiwa kucheza. Huko pia ndiko alikokutana na Hatibu.

Hatibu alikuwa kijana wa Ngarenaro, mrefu, mwenye mabega ya mtu anayebeba vyuma. Baadaye aliacha ukedi akafungua karakana ya kuchomelea mageti, lakini Jumatatu hakuiacha. Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia kwisha, kiwanja huandaa mashindano ya makedi na wafanyakazi, wa sasa na wa zamani. Watu hucheza wawili wawili kwa mpira mmoja, wakipokezana: huyu akipiga, anayefuata ni mwenzake. Hatibu na Sifaeli walicheza pamoja tangu ndevu zao zikiwa nyeusi. Hatibu alikuwa wa kuufikisha mpira. Sifaeli alikuwa wa kuumaliza.

Kuumaliza ndiko kugumu. Mpira ukishafika karibu na shimo, kwenye nyasi zilizokatwa fupi kama zulia, makedi wanapaita grini, nguvu hazisaidii tena. Mtu huchukua fimbo fupi ya kumalizia na kuusukuma mpira taratibu. Sifaeli aliusukuma kwa vifundo vya mikono, kipigo kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Mpira ulitii. Akikosa, ulifia mdomoni mwa shimo, na Hatibu alichobakiwa nacho ni kuugusa tu.

"Mzee wa Kanisa," Hatibu alikuwa akimwambia, "wewe unaomba kabla ya kupiga. Huo ni wizi."

"Na wewe omba, Fundi. Nani amekukataza?"

Basi mikono ile ikaanza kutetemeka.

Ilianzia kanisani, na hilo lilimuuma zaidi. Sifaeli ndiye aliyekuwa akimsaidia mchungaji kubeba sinia la vile vikombe vidogo vya Meza ya Bwana. Jumapili moja vikombe vikaanza kugongana, vikilia polepole katika ukimya wa kanisa, na watu waliokuwa wameinamisha vichwa wakaviinua. Hakumwaga kitu, lakini ibada ilipokwisha alimfuata mchungaji akaomba apewe mtu mwingine ile kazi. Daktari alimwambia ni mishipa tu, uzee, hakuna dawa kubwa. Mkewe, Magreth, akaanza kumjazia kikombe cha chai nusu, naye akanywa nusu ile bila kuuliza.

Kwenye grini mikono ilikuwa mibaya zaidi. Ilimruhusu asimame, ilimruhusu alenge, kisha pale pale fimbo inapotaka kuanza safari, mkono wa kulia uliruka kama umeguswa na nyaya za umeme. Mpira ulitoka upande.

Hatibu alivumilia miezi. Jumatatu moja, mashindano yakiwa yamekaribia, alimngoja Sifaeli penye bomba la maji, akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ndugu yangu, tuongee kiume."

"Ongea."

"Nasri anataka kucheza na mimi mwaka huu. Mwanangu. Anapiga vizuri." Akafunga bomba. "Sijamwambia ndiyo. Nimemwambia nina mtu wangu. Lakini mtu wangu awe na mkono. Ukipata njia ya kuutuliza, tunaendelea mimi na wewe mpaka watuzike. Usipopata, mwaka huu nitacheza na mtoto."

Sifaeli alisema ni sawa. Aliposhika njia ya kurudi Akheri alitambua kuwa si sawa hata kidogo. Sinia alilitoa mwenyewe, na hilo alimtolea Mungu, likawa jepesi. Lakini Jumatatu na Hatibu hakuwa tayari kumwachia mtu, hata kama mtu huyo ni Nasri, kijana ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto mwenye surua.

Akaanza kutafuta njia.

Nasri mwenyewe, kwa moyo mweupe, ndiye aliyemfundisha ya kwanza. Alikuja na simu yake, akamwonyesha wachezaji wa ng'ambo wanavyofanya.

"Baba mkubwa, usitumie vifundo. Vifundo vife. Tumia mabega, kama bembea. Fimbo inarudi nyuma imenyooka, inakwenda mbele imenyooka. Mkono haufanyi kazi yoyote, kwa hiyo hauna cha kutetemekea."

"Unanifundisha ili nikushinde?"

"Nakufundisha ili baba aache kununa nyumbani."

Sifaeli alifukia kopo la rangi, mdomo juu liwe shimo lake, kwenye uwanja wa nyumba, pale Magreth alipopafagia mpaka pakakazana kama saruji. Akalaza magome mawili ya mgomba sambamba, fimbo ipite katikati bila kuyagusa. Jioni baada ya jioni alibembea mabega. Kuku walijifunza kukaa mbali. Mabega yalifanya kazi njema, fimbo ilinyooka, lakini mwanzoni kabisa mwa safari ule mruko wa mkono uliingia palepale, na gome la mgomba likapigwa likasogea.

Akajaribu ya pili, aliyoikumbuka kwa mchezaji mmoja aliyewahi kumbebea fimbo: mkono wa kushoto unakaa chini, wa kulia juu, kinyume na desturi. Huo ulitulia kidogo. Ila alipoteza kipimo. Mpira wa karibu ulipita shimo ukaenda hadi kwenye banda la ng'ombe, na wa mbali uliishia njiani.

"Baba Tabea," Magreth alimwambia kutoka jikoni, "huo mpira ukiingia tena kwa ng'ombe sikurudishii."

Ya tatu hakuitafuta. Ilimjia ndani ya nyumba.

Mama yake, Ruth, alikuwa hai bado, amezeeka sana, anakaa kwenye chumba cha mbele chenye jua. Chai yake ya jioni alipelekewa na Sifaeli, si mtu mwingine, na alimpa kama alivyofundishwa tangu mtoto: kikombe mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kigasha cha ule wa kulia, chini ya kiwiko, na goti limekunjwa kidogo. Ndivyo mtu anavyompa mkubwa kitu, ndivyo anavyompa mkono akimwamkia. Siku hiyo Magreth alisahau, akajaza kikombe mpaka juu. Sifaeli alikibeba kutoka jikoni kikimwagikia kisahani, na alipofika mbele ya mama yake, akakishika vile vya heshima, kikatulia. Uso wa chai ulikuwa kimya kama maji ya mtungi.

Alibaki amekishika.

"Nipe basi," Ruth akasema. "Au unanionyesha tu?"

Kesho yake asubuhi, wakulima wengine wakiwa mashambani na grini za mjini zikiwa na umande bado, Sifaeli alichukua fimbo ya kumalizia kwa mkono wa kulia peke yake. Mkono wa kushoto akaupeleka kwenye kigasha, akakamata hapo. Akakunja goti kidogo, kwa mazoea. Akasukuma. Mpira ulikwenda ulikotumwa. Akapiga tena. Akapiga kutoka upande wa mlima, ambako kila mpira hukimbia kuuacha Meru, nao ukakunja kona yake ukashuka shimoni. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

Alimfuata msimamizi wa mashindano kuuliza kama sheria inaruhusu. Msimamizi alimtazama akishika, akafikiri, akasema kilichokatazwa ni kuegemeza mkono kifuani. "Kigasha chako ni chako. Kishike."

Jumatatu akaionyesha kwa Hatibu. Kosa lake ni kwamba aliionyesha mbele ya makedi wote.

Hatibu alisubiri mpaka mpira umeingia, kisha akaweka mkono mdomoni. "Subiri. Ulikuwa unamwamkia nani?"

"Sikumwamkia mtu."

"Umeliamkia shimo, Mzee wa Kanisa. Nimeona kwa macho yangu. Umeinama kabisa."

Sauti ikatoka nyuma, ya mmoja wa makedi, nzito ya kizee: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kicheko kilichofuata kilifika barabarani. Mpira wa pili alipousukuma, wakaitikia wote kwa pamoja, "Marahaba." Uliingia nao. Wa tatu hakuupiga. Alirudisha fimbo kwenye mfuko wa fimbo, akasema ana majani ya kukata, akaondoka.

Kuchekwa alikuzoea, mtu anayefanya kazi na makedi hawezi kuwa na ngozi laini. Kilichomkaa rohoni ni kwamba aliona wana haki. Mkao ule ni wa mama yake. Ni wa mchungaji, ni wa wazee waliotangulia, ni ule aliosimama nao kupokea Meza ya Bwana. Yeye ameuchukua akaupeleka kwenye mchezo, kama mtu aliyetoa kitambaa cha madhabahu akafutia meza ya jikoni. Usiku aliomba, na katika maombi hakupata jibu alilolitaka. Asubuhi alimwambia Magreth kuwa mwaka huu Hatibu atacheza na mwanawe.

"Na wewe?"

"Mimi nitatazama."

Magreth akampa kikombe nusu. "Haya. Tutakuona ukitazama."

Jumapili alasiri Hatibu alipanda Akheri kwa pikipiki, akiwa na mkate wa ufuta aliopika mkewe Maulida, kwa ajili ya mama. Majina ya wachezaji yalitakiwa kesho yake. Aliingia kwanza chumba cha mbele, kama ilivyompasa, akamwinamia Ruth. Mkono wa kulia mbele, wa kushoto kwenye kigasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyu?"

"Hatibu, mama. Wa Ngarenaro."

"Hatibu wa mageti. Geti letu linalia."

"Nitalitazama, mama."

Sifaeli alikuwa amesimama mlangoni, akautazama ule mkono wa kushoto wa Hatibu mpaka Hatibu naye akautazama. Akauondoa haraka, kama ameshikwa na kitu.

"Mmegombana?" Ruth akauliza. Masikio yake yalikuwa yamechoka, macho hayakuchoka.

"Hatujagombana, mama," Sifaeli akasema.

"Basi mbona mmesimama kama mashahidi wa kesi?"

Hatibu ndiye aliyeeleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, mikono, shimo, Nasri, makedi, na aliposema kwamba Sifaeli ameacha kwa sababu ya ule mkao, Ruth alimkatiza.

"Mkao gani? Nionyesheni."

Walimtoa na kiti chake mpaka uwanjani. Magreth alikuja kusimama na mwiko mkononi. Sifaeli alichukua fimbo, akaona aibu kama kijana anayeimba peke yake kwaya nzima ikimsikiliza, akashika kigasha, akasukuma. Mpira ukalia ndani ya kopo la rangi.

Ruth alimwashiria asogee karibu.

"Huko mnakocheza, ndiko kwenye yale majani?"

"Ndiko, mama."

"Majani yote yale. Na hakuna ng'ombe hata mmoja." Hilo lilikuwa linamsumbua miaka mingi. Akatikisa kichwa, kisha akarudi kwenye habari. "Sasa nani amekuambia hiyo ni dhambi?"

"Hakuna aliyesema dhambi, mama. Nimeona tu ni heshima yako. Si vizuri kuipeleka mchezoni."

"Jana ulinipa chai?"

"Nilikupa."

"Ilikuwa imepungua?"

Sifaeli aliinama kuutoa mpira kwenye kopo.

"Heshima si sukari, mwanangu, kwamba ukiipeleka kwa jirani, hapa tutakunywa chungu. Mungu amekuachia mkono mmoja wa kumshika mwenzake. Wewe unamrudishia?" Akageuka kwa Hatibu. "Na wewe, unamcheka mwenzio kwa sababu ana adabu?"

"Hapana, mama."

"Unamcheka. Katazame geti."

Hatibu akaenda kutazama geti. Alilitazama kwa muda mrefu, akalipaka grisi, akalifungua na kulifunga, na Sifaeli alipomfuata alimkuta amechuchumaa, amempa mgongo.

"Majina ni kesho," Hatibu akasema bila kugeuka. "Nimeshamwambia Nasri atafute mtu wake. Amempata Saadi, yule mwembamba."

"Umemwambia lini?"

"Kabla sijapanda huku."

"Na kama ningekataa?"

"Ningekaa hapa mpaka usiku. Mama Tabea angenipa chakula."

Siku ya mashindano jua lilitoka vizuri baada ya mvua, na Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Wanachama wa klabu walikaa kwenye veranda na vinywaji vyao. Habari za Sifaeli zilikuwa zimewafikia, kwa hiyo kwenye grini ya kwanza watu walisogea kuona, na alipoupeleka mkono wa kushoto kwenye kigasha, "marahaba" ikasikika kutoka pande mbili. Sifaeli aliuacha mpira, akanyooka, akageuka.

"Hamjambo, wanangu?" akauliza kwa utulivu.

Wakacheka, lakini safari hii walicheka wakiwa upande wake. Akainama tena, akausukuma, ukaingia. Kuanzia hapo waliitikia tu kila mpira ulipotumbukia, kama watu wanaojibu sala, na Sifaeli akagundua kuwa haimsumbui. Mkono ulitetemeka kabla na ulitetemeka baada. Katikati, palipohitajika, ulikaa kimya.

Walicheza kama zamani. Hatibu alifikisha, Sifaeli alizika. Walipofika shimo la mwisho walikuwa sawasawa na Nasri na Saadi, waliokuwa wamemaliza mbele yao na sasa wamekaa nyasini wakingoja, Nasri akitafuna jani. Mpira wa Sifaeli na Hatibu ulikuwa grini, mbali, juu ya mwinuko. Wangehitaji mapigo mawili tu kushinda, la Sifaeli na la Hatibu. Matatu, wangelingana. Zamu ilikuwa ya Sifaeli.

Alichukua muda wake. Akausoma mteremko, akaupa mlima haki yake, akashika kigasha na kuuachia mpira uende. Ulishuka ukizunguka polepole, watu wakaanza kuinuka, "Mara... mara..." ukasimama. Umefia mdomoni, kama enzi zile. Kati yake na shimo palibaki nafasi ya kiganja cha mkono.

Kilichobaki ni Hatibu kuugusa.

Hatibu akaenda. Akasimama juu ya mpira. Akasogea, akasimama tena. Mtu aliyekuwa akiinua milango ya chuma peke yake alianza kufuta viganja kwenye suruali. Aliinua macho akamwona mwanawe ameacha kutafuna.

"Fundi," Sifaeli akamwambia kwa sauti ya chini, "ugonge tu."

"Naugonga. Usinisemeshe."

Aliugonga. Ulipita ukingo wa shimo, ukazunguka nusu, ukatoka upande wa pili, ukatulia pale ukiwatazama.

Hakuna aliyecheka. Zamu ikarudi kwa Sifaeli, akautumbukiza, wakalingana. Ndipo Saadi na Nasri wakaitwa wacheze nao shimo moja la ziada, na kwenye shimo hilo mpira wa kwanza wa Hatibu, ambaye hasira zilikuwa bado mikononi, uliingia kwenye mfereji na maji yakauchukua. Vijana wakashinda. Nasri alikuja kuwapa mikono, akainama zaidi mbele ya Sifaeli kuliko alivyoinama mbele ya baba yake, na baba yake aliona.

Walibaki wawili chini ya mti wa mkaratusi, wakivua viatu.

"Sema," Hatibu akasema.

"Niseme nini?"

"Unalo la kusema. Limekujaa mdomoni."

Sifaeli alikung'uta kiatu chake, akakitazama ndani. "Ninafikiria mwakani. Yule Nasri anapiga vizuri. Na ana mkono."

Hatibu alimtazama. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha karakana, mpaka akalazimika kushika mti. "Utaniacha mimi? Kwa mpira mmoja?"

"Wa kiganja kimoja, Hatibu."

"Nakuuliza, utaniacha?"

"Nitaomba kwanza," Sifaeli akasema. "Nione nitaambiwa nini."

Na aliomba. Jioni ile Akheri, loshoro, makande ya maziwa mgando, ikiwa mezani inatoa mvuke, na mama yake Ruth ameshikwa mkono kwenye kiti chake, Sifaeli alishukuru kwa chakula, akashukuru kwa mvua, akawaombea wagonjwa wa mtaa, kisha, kwa sauti ileile, akamwomba Mungu amkumbuke mtumishi wake Hatibu katika ile mipira mifupi, amwondolee hofu, maana bado wana miaka ya kucheza pamoja. Magreth alifumbua jicho moja, akamtazama mumewe aliyekuwa amefumba yake kwa dhati, akalifumba tena.

"Amina," Ruth akasema kabla hajamaliza. "Inapoa."